Mstari Mnyoofu wa Skellam

Mwaka 1951 jarida la takwimu la Uingereza, Biometrika, lilichapisha makala ya kurasa zaidi ya 20 ya mtakwimu John Gordon Skellam, juu ya viumbe wanaotawanyika kwa kubahatisha katika makazi yao. Wanaikolojia wameitaja makala hiyo tangu siku hizo hadi leo, na wengi wao, ninavyoshuku, hawajaisoma kupita mchoro mmoja. Mimi nataka kuisoma kama mhakiki asomavyo utenzi. Kama yaliyosemwa ni kweli au si kweli, hilo litakuja lenyewe. Kwanza nataka kujua yamesemwaje, nini kimewekwa kando ya nini, nani kapewa nafasi na nani kanyimwa, na uzito wa kazi nzima umeegemea wapi.

Kiini cha makala ni mstari mmoja. Kwa herufi zinazotumika siku hizi huandikwa hivi:

∂u/∂t = D∇²u + ru

Asiyezoea hisabati asiogope, kwa maana mstari huu unasomeka kwa Kiswahili cha kawaida. Herufi u ni msongamano wa wanyama mahali fulani kwa wakati fulani, tuseme idadi yao katika kila kilomita ya mraba. Upande wa kushoto unauliza msongamano huo unabadilika kwa kasi gani. Upande wa kulia unajibu kwa vipande viwili. Cha pili ndicho chepesi: r ni kasi ya kuongezeka, waliozaliwa ukitoa waliokufa, na ru inasema tu kwamba penye wengi huongezeka wengi. Kipande cha kwanza kina ile pembetatu iliyopinduliwa, nayo kazi yake ni kupalinganisha mahali na jirani zake. Jirani wakiwa na wanyama wengi kuliko hapa, kwa wastani, hapa patapokea. Wakiwa na wachache, hapa patatoa. D hupima wepesi wa kupokea na kutoa huko. Mnyama mtembezi ana D kubwa, konokono ana D ndogo.

Hayo ndiyo yote. Mlima haumo, mto haumo, mwindaji hayumo, wala kiangazi, wala dume na jike. Mhakiki wa riwaya akiulizia wahusika ataambiwa hawapo. Kilichopo ni wingi, na wingi wenyewe ni laini kama unga uliochekechwa: unaweza kuwa wanyama 40 kwa kilomita ya mraba, unaweza kuwa 0.002, na mlinganyo hautofautishi kati ya hali hizo mbili ila kwa ukubwa wa namba. Mnyama mmoja mwenye miguu minne, mwenye sababu ya kwenda kulia badala ya kushoto, ameyeyushwa kabla msimulizi hajafungua kinywa.

Kuyeyushwa huko kuna historia. Mwanzoni mwa karne iliyopita Ronald Ross, yule aliyegundua kwamba malaria hupitia kwa mbu, alikuwa akisumbuliwa na swali la kazi: ukiondoa mazalio yote ya mbu ndani ya eneo fulani, mbu wa nje wataingia hadi umbali gani? Swali likamfikia Karl Pearson, na mwaka 1905 Pearson akaandika barua fupi katika jarida la Nature akiuliza juu ya mtu anayepiga hatua moja moja za urefu sawa, kila mara akigeukia upande wowote bila mpango. Baada ya hatua nyingi atakuwa wapi? Lord Rayleigh alikuwa na jibu tayari, maana alikwisha kulipata katika hesabu za mawimbi ya sauti, na Pearson akatoa kauli iliyodumu kuliko hesabu yenyewe: mlevi anayeweza kusimama, mahali pa kwanza pa kumtafuta ni karibu na pale alipoanzia. Mbu akawa mlevi, mlevi akawa nukta, nukta zikiwa nyingi zikawa unga. Kipande cha kwanza cha mstari wa Skellam ni kaburi la mbu wa Ross.

Ishara inayonivutia kuliko zote hata hivyo ni ile ambayo macho huipita: jumlisha. Imekaa katikati ya vipande viwili kama kituo katikati ya mshororo, ukwapi huku na utao kule, na inadai jambo zito kwa sauti ndogo sana. Inadai kwamba kutembea na kuzaa ni shughuli mbili zisizojuana. Mnyama hatembei kwa sababu kazaliwa, hazai kwa sababu kafika. Katika maisha ya wanyama wengi mambo hayaendi hivyo. Wanaohama ni vijana, wanafukuzwa na wazazi au wanatafuta pao, na mwenye kiota hasogei. Mwandishi angeweza kuandika mlinganyo ambamo kutembea kunategemea umri, au msongamano, au njaa, na wengine baadaye waliandika. Skellam aliweka jumlisha. Kila linalofuata, zuri na baya, limetoka katika chaguo hilo.

Zuri kwanza. Chukua kila kipande peke yake uone kinafanya nini. Kutembea bila kuzaa huchoka haraka: umbali unaofikiwa hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, maana yake ukitaka kufika mara mbili ya ulipofika, ngoja mara nne ya ulivyongoja. Kuzaa bila kutembea hulimbikiza: wawili, wanne, wanane, wote wamerundikana palepale. Kimoja kinazidi kupungua kasi, kingine kinazidi kuongeza. Viunganishe kwa ile jumlisha, na kitu kisichofanana na mzazi wake yeyote kinazaliwa: mwendo wa kasi moja, isiyopungua wala kuongezeka, mwaka hadi mwaka. Kasi hiyo ni 2√(rD). Sababu si ngumu kuifuata. Uhaba wa waliofika mbali hutegemea mraba wa umbali uliogawanywa kwa muda. Wingi wa wanaozaliwa hutegemea muda. Pale ambapo uhaba na wingi hufutana, umbali na muda hutoka vikiwa sambamba.

Tazama sasa urari wa jibu lenyewe. r na D zimekaa chini ya kipeuo kimoja, bega kwa bega, hakuna iliyo juu ya mwenzake. Mnyama anayezaa mara nne zaidi huongeza kasi ya kusambaa mara mbili tu. Mnyama ambaye D yake ni mara nne zaidi huongeza kasi kwa kiasi kilekile. Kwa mfano wa kubuni, ukiwa na r ya 1 kwa mwaka na D ya kilomita za mraba 25 kwa mwaka, wimbi linakwenda kilomita 10 kila mwaka. Badilisha namba hizo nafasi zao, D iwe 1 na r iwe 25, na wimbi halitajua tofauti. Panya mkaidi asiyetoka shimoni lakini akazaa kupita kiasi ni sawasawa na mzururaji anayezaa kwa shida. Huo ni usawa uliotolewa na umbo, haukutolewa na wanyama.

Lakini hapo bado hatujafika ndani. Miaka 14 kabla ya Skellam, mwaka 1937, Ronald Fisher alikuwa ameandika mlinganyo wa karibu sana na huu kuhusu jambo jingine, yaani kuenea kwa jeni lenye faida katika viumbe wanaoishi mstarimstari, kama kando ya ufuko. Mwaka uleule, mjini Moscow, Kolmogorov, Petrovsky na Piskunov walithibitisha jambo hilohilo kwa hisabati kali zaidi. Mlinganyo wa Fisher una kitu ambacho mstari wetu hauna: mabano yanayozuia wingi usipite kiwango, ili mahali pakijaa pawe pamejaa. Mtu angetegemea kwamba kuongeza mabano hayo, yanayobadilisha kabisa hali ya katikati, kungebadilisha pia kasi ya kusambaa. Hakubadilishi hata kidogo. Kasi ni ileile, 2√(rD), mabano yakiwepo au yasiwepo.

Msomaji makini lazima asimame hapa. Iwapo kilichofanyika katikati, palipo na umati, hakina athari kwa kasi, basi nani anaamua kasi? Ni wale walio ukingoni kabisa, mahali ambapo u ni ndogo kiasi kwamba mabano hayana la kubana. Mlinganyo unaonekana kuwa wa umati, wa wastani, wa demokrasia ya wengi, na kumbe unaongozwa na waliotangulia mbele wakiwa wachache kuliko wote. Wimbi halisukumwi kutoka nyuma. Linavutwa kutoka mbele.

Na ni huko mbele hasa ambako lugha ya mlinganyo ni ya uongo kuliko mahali pengine popote. Kumbuka ule unga. Kwa hisabati ya kipande cha kwanza, mara tu wanyama wanapoachiliwa mahali fulani, u inakuwa kubwa kuliko sifuri kila mahali duniani, papo hapo. Ndogo mno, lakini si sifuri. Kilomita 500 mbele kuna sehemu moja ya bilioni ya mnyama, na kwa kuwa ru haina masharti, sehemu hiyo ya mnyama inazaa. Haina haja ya mwenzi, na haiwezi kufa kwa bahati mbaya. Palipo na wanyama 40, wastani ni neno la haki. Palipo na jike mmoja aliyepotea njia, wastani hauna maana yoyote. Skellam, na Fisher kabla yake, ameuegemeza uzito wote wa utenzi kwenye neno lake dhaifu kuliko yote. Silitaji hili kama dosari ndogo ya kusamehewa. Ndilo jambo kuu katika umbo hili, na makala yenyewe, ukiisoma yote, inalijua nusunusu.

Tuje kwenye mchoro. Mwaka huohuo wa barua ya Pearson, 1905, mwanamfalme Colloredo-Mansfeld alileta muskrati watano kutoka Amerika Kaskazini akawaachia kwenye mali yake huko Dobříš, kusini magharibi mwa Prague. Muskrati ni mgugunaji wa majini, mwenye manyoya mazuri yanayouzika na tabia mbaya ya kutoboa kingo za mito na mabwawa. Watano hao walizaana na kutoka. Watu wa Ulaya ya Kati, waliokuwa wakiwafuatilia kwa hofu na kwa mitego, walichora ramani zenye mistari inayozunguka Dobříš, kila mstari ukionyesha walipokuwa wamefika mwaka fulani. Kufikia 1927 eneo lililozungukwa lilipita kilomita za mraba 200,000, zaidi ya moja ya tano ya Tanzania Bara.

Skellam aliichukua ramani ya namna hiyo, akapima eneo lililo ndani ya kila mstari, akatafuta kipeuo cha pili cha kila eneo, akaziweka nukta zake kwenye grafu dhidi ya miaka. Nukta zikakaa kwenye mstari mnyoofu. Huo ndio mchoro ambao kila mtu ameuona.

Kwa nini kipeuo cha pili? Sababu iliyotolewa ni safi: kama eneo ni duara, kipeuo cha eneo kinakua sambamba na nusu kipenyo, na nusu kipenyo ndicho mlinganyo unachosema kitakua kwa kasi moja. Hesabu ni rahisi kuirudia. Kipeuo cha 200,000 ni karibu 450. Gawanya kwa kipeuo cha pai, upate kilomita kama 250. Gawanya kwa miaka 22, upate kilomita 11 na ushee kwa mwaka. Hakuna hila. Lakini jicho la mhakiki huona pia kilichofanyika kwa hisia za msomaji. Chora eneo lenyewe dhidi ya miaka na utapata mstari unaojikunja kwenda juu, kila mwaka nchi nyingi zaidi zikimezwa kuliko mwaka uliopita. Ni picha ya maafa. Chora kipeuo chake na maafa yanakuwa ratiba ya treni. Wanyama ni walewale, hofu ya mwenye bwawa la samaki ni ileile, ila msimulizi amepunguza sauti.

Kipeuo hicho kimefanya kazi nyingine kimyakimya. Mistari ya ramani haikuwa miduara. Ilitokeza hapa ikabonyea pale, kama nchi yenye mito na milima inavyolazimisha. Ukipima eneo, umbo linapotea. Ramani mbili zisizofanana kabisa, moja duara na nyingine yenye vidole virefu, zikiwa na eneo sawa zitatoa nukta moja. Watafiti waliorudi kwenye muskrati baadaye, David Andow na wenzake mwaka 1990, walikuta kasi zinazotofautiana sana kati ya sehemu na sehemu, kutoka chini ya kilomita moja hadi kilomita 25 kwa mwaka. Mstari mnyoofu ni wastani wa hizo zote. Siwezi kusema umedanganya. Umechagua kuongea kwa kiwango ambacho milima haisikiki, na kwa kiwango hicho umesema kweli kwa ufasaha wa kushangaza. Ukitaka kujua bwawa la kijiji fulani litatobolewa mwaka gani, umekosea mlango.

Kuna jambo jingine kuhusu mistari ile ya ramani ambalo hupitwa bila kusemwa. Mlinganyo hauna mpaka. Kama wanyama wako kila mahali kwa viwango vidogo, mpaka ni nini? Ni pale ambapo u inavuka kiwango ambacho mtu anaweza kuona mnyama au kumnasa. Mpaka ni wa mtegaji. Bahati nzuri ya umbo hili ni kwamba haijalishi kiwango hicho ni kipi. Mtegaji hodari atachora mstari mbele kidogo ya mtegaji mzembe, lakini baada ya muda mistari yote miwili itasonga kwa kasi ileile, mradi kila mmoja abaki na uhodari au uzembe wake. Ni mara chache takwimu kuwa na huruma kiasi hicho kwa data mbaya, na nadhani mafanikio ya mchoro yanatokana zaidi na huruma hiyo kuliko na ukweli wa mlinganyo.

Ukurasa ninaoupenda zaidi hauna muskrati. Una mialoni. Mwaka 1899 mtaalamu wa mimea ya kale Clement Reid alikuwa ameona ajabu moja: baada ya barafu kuu kuyeyuka, mialoni ilirudi Uingereza na kufika kaskazini kabisa, umbali wa maili 600 hivi, katika muda mfupi mno kwa mti ambao tunda lake huanguka chini yake. Kwa mwendo wa tunda kuanguka tu, Reid aliona, ingehitajika miaka kama milioni moja. Skellam anaichukua ajabu hiyo na kuipitisha kwenye mlinganyo wake, na hapo mtindo wake unabadilika. Katika muskrati alikuwa mpole. Hapa anakuwa wakili anayempa mpinzani kila anachotaka ili amshinde kwa haki. Kizazi cha mwaloni kisiwe chini ya miaka 60? Vizuri. Vizazi 300 vimepita? Vizuri. Kila mwaloni uzae mialoni mingapi iliyokomaa? Chukua 9,000,000, namba isiyo na aibu.

Halafu anaiweka namba hiyo mahali pake katika umbo. Kwa mti unaozaa kwa vizazi, kasi ileile ya wimbi huvaa vazi jingine: umbali mkubwa kabisa ni idadi ya vizazi, mara umbali wa kawaida kati ya mti na mtoto wake, mara kipeuo cha pili cha logariti asilia ya idadi ya watoto. Logariti ya 9,000,000 ni 16. Kipeuo cha 16 ni 4. Milioni tisa za watoto, zikipitia milango hiyo miwili, zinatoka zikiwa nne. Zidisha 300 kwa 4, ni 1,200. Gawanya maili 600 kwa 1,200, unabaki na nusu maili. Umbali wa kawaida kati ya mwaloni na mtoto wake ulipaswa kuwa nusu maili, mita 800, kila kizazi, bila kukosa. Hakuna tunda la mwaloni linaloviringika mita 800. Skellam anahitimisha kwamba mialoni haikutembea yenyewe. Ilibebwa na wanyama, na anawataja kunguru.

Sijui hesabu nyingine katika ikolojia inayotumia umbo lake kwa ukali namna hii. Kama mlinganyo ungekubali uzazi usaidie, 9,000,000 ingetosha kumfikisha mwaloni popote. Umbo halikubali. Linapondaponda uzazi mara mbili na kukiacha kile kinachobaki, umbali wa hatua, kibebe mzigo chenyewe, na kwa kuwa hatua ya mti haiwezi kuubeba, mlango unafunguka na ndege anaingia. Yule mhusika aliyeyeyushwa katika mstari wa kwanza, mnyama mmoja mwenye sababu zake, anarudi kwa nguvu ya hesabu ileile iliyomfukuza. Kunguru anayechimbia akiba yake shambani kisha akaisahau hayumo katika D. Ila bila yeye D haiwezekani.

Ndiyo maana huwa sielewi wanaosema mlinganyo huu umepitwa. Umepitwa na matukio mengi, hilo ni kweli, na pwani yetu ina mfano ambao hauhitaji safari ndefu. Kunguru wa India waliletwa Unguja miaka ya 1890 wasafishe taka. Mwaka 1947 walionekana Mombasa. Mtu mwenye rula angegawanya kilomita zaidi ya 200 kwa miaka hiyo hamsini na kitu na kupata kilomita nne au tano kwa mwaka, namba yenye adabu, na isiyo na maana, kwa sababu ndege hawa hupanda meli. Kati ya bandari na bandari hawakuwa na wimbi. Walikuwa na abiria. Ukingo, kwao, uko bandarini.

Dumuzi wa mahindi ni mfano mkali zaidi. Mdudu huyu wa Amerika ya Kati aligunduliwa Tabora kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, akaonekana upande wa Kenya, Taveta, mwaka 1983. Na mwaka 1984 alikuwa Togo, upande wa pili wa bara, kwa uvamizi usiohusiana na wa kwetu. Ramani yake haina duara. Ina nukta zilizotawanyika kando ya barabara na reli, kila nukta ikianza duara lake dogo kabla ya gunia jingine kupakiwa. Gunia la mahindi juu ya lori ndilo kunguru wake.

Hisabati iliyokuja baadaye ililitambua hili kwa jina la mkia. Mwaka 1996 Mark Kot na wenzake walionyesha kwamba ukiacha kuwalazimisha wanyama wote watembee kama mlevi wa Pearson, ukaruhusu wachache waende mbali kuliko inavyotarajiwa, kasi ya wimbi inaweza kuwa kubwa mara nyingi, na mkia ukiwa mnene kiasi cha kutosha, hakuna kasi kabisa. Wimbi huongeza mwendo kila kizazi bila kukoma. Andow na wenzake walikuwa wamekwisha kuona dalili: kwa mbawakawa wa majani ya nafaka huko Amerika Kaskazini, mlinganyo ulitabiri kilomita 1.6 kwa mwaka, na mbawakawa walikwenda kati ya kilomita 26 na 90. Ni ukingo uleule tuliousoma katika mstari wa kwanza. Kwa kuwa kasi yote inaamuliwa huko, kosa dogo huko, abiria mmoja asiyehesabiwa, si kosa dogo.

Na hata D yenyewe, ile herufi iliyokaa kimya kama namba isiyobadilika, imeonekana kuwa na maisha. Vyura wakubwa wa miwa waliletwa Queensland, Australia, kutoka Hawaii mwaka 1935 ili wale mbawakawa wa mashamba ya miwa. Mwanzoni walisonga kama kilomita 10 kwa mwaka. Baada ya miongo saba walikuwa wakipita 50. Mwaka 2006 Ben Phillips, Richard Shine na wenzao walieleza kwamba vyura wanaowasili kwanza mahali papya wana miguu mirefu kuliko wanaofuata. Walio ukingoni wanazaana na walio ukingoni, kwa kuwa ndio waliofika. Jumlisha ile ya katikati, iliyodai kwamba kutembea na kuzaa havijuani, imevunjika hapo.

Vipi basi kuhusu wanaotaka kuzuia? Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza nia ya kuua kunguru wa India milioni moja. Zipo sababu nzuri za kuwapunguza Mombasa na Malindi: ndege wa kienyeji, vifaranga, kelele, uchafu wa hotelini. Lakini msomaji wa mabano ya Fisher atakumbuka kwamba kupunguza umati wa katikati, peke yake, hakugusi mwendo wa ukingo. Milioni ni namba ya katikati. Namba ya ukingo inaweza kuwa ndege wawili juu ya kontena.

Vitabu vingi vya kufundishia nilivyoviona huchapa grafu ya muskrati na kuacha ramani, na karibu vyote huacha mialoni. Wanafunzi wanabaki na nukta sita hivi kwenye mstari mnyoofu, na wanaamini wameona ushahidi. Mimi ningewapa kwanza maili 600, vizazi 300 na watoto 9,000,000, wafanye hesabu kwa mkono mpaka ile nusu maili itoke, kisha niwaulize nani aliyebeba tunda.